Vifaa vya bure visiwe kazi bure

Neno “bure” katika lugha yetu lina maana mbili zisizokaa pamoja kwa amani. Kitu cha bure ni kile kipatikanacho pasi na malipo. Kazi bure, kwa upande mwingine, ni ile isiyozaa faida hata chembe. Sidhani kwamba wahenga waliziweka maana hizi katika neno moja kwa kusahau. Walijua kwamba apewaye kitu bila kukitolea jasho aghalabu hajishughulishi kuuliza maswali juu yake, na asiyeuliza huishia kubeba mzigo asioujua.

Nimekumbushwa maana hizo na mjadala unaoendelea miongoni mwa vijana wetu waundao programu za tarakilishi. (Wapo wasemao kompyuta na wapo wasemao ngamizi, ugomvi huo tuuache hadi siku nyingine.) Wanaulizana ni vifaa gani vya bure vifaavyo kukagua programu wanazoandika na kupima kama zimejaribiwa vya kutosha. Swali ni zuri, na laiti lingeulizwa pia na wale wanaowalipa vijana hao. Lakini majibu mengi niyasikiayo ni orodha ya majina tu: tumia hiki, kile kimepitwa na wakati, hiki hutumiwa na makampuni makubwa. Kifaa hakichaguliwi hivyo.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuandika programu, yafaa nieleze tunazungumzia nini. Programu ni maandishi. Ni mistari ya maagizo iliyoandikwa kwa lugha yenye sarufi kali kuliko hata ile tuliyofundishwa na walimu wetu wa zamani. Kifaa cha aina ya kwanza huyasoma maandishi hayo bila kuyatekeleza, kama mwalimu asomavyo insha huku kalamu nyekundu i mkononi, na kuonyesha mahali penye shaka: jina lililotumiwa kabla ya kupewa thamani, faili iliyofunguliwa isifungwe, mstari ambao hautafikiwa kamwe. Sisi watu wa isimu tuna neno uchanganuzi kwa kazi ya kuichambua sentensi, kwa hivyo nitakiita kifaa hicho kichanganuzi. Kifaa cha aina ya pili hakisomi, bali hutazama. Programu inapojaribiwa, chenyewe hutia alama kila mstari uliotekelezwa, na mwishowe hutoa hesabu: katika mistari 1,000, majaribio yako yamepitia 800, ile 200 iliyosalia hakuna ajuaye itafanya nini siku itakapoguswa. Hiyo asilimia 80 ndiyo nitakayoiita ueneo wa majaribio.

Ukoo wa vichanganuzi si wa jana. Katika miaka ya 1970, Stephen Johnson wa maabara ya Bell huko Marekani aliunda programu ya kukagua programu nyingine zilizoandikwa kwa lugha ya C, akaiita lint, yaani vile vinyuzi na vumbi la pamba vigandavyo kwenye nguo. Jina hilo lilichaguliwa vyema. Nguo imekwisha kushonwa na yavalika, ila ina vitu vidogo ambavyo jicho la mshonaji limevizoea mno hata halivioni. Hadi leo vichanganuzi kadhaa hubeba kipande cha jina hilo: Pylint kwa lugha ya Python, ESLint kwa JavaScript.

Yamkini msomaji atauliza hayo yamhusu nini mkulima wa Kitale au muuguzi wa Lamu. Yanamhusu sana. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha za Mkenya wa kawaida zimezidi kuhama kutoka mfukoni mwake na kuingia katika programu. Karo, mshahara, bili ya hospitali na leseni ya biashara, vyote hupitia mistari iliyoandikwa na mtu fulani mahali fulani, pengine usiku, pengine akiharakishwa. Mistari hiyo ikikosea, anayeumia si aliyeiandika.

Tazama yaliyowapata wasimamizi wa matawi ya posta nchini Uingereza. Mfumo wa hesabu uitwao Horizon, ulioundwa na kampuni ya Fujitsu, ulianza kutumika huko mwaka 1999. Ulipoonyesha kwamba fedha zimepungua, aliyeaminiwa alikuwa mfumo, si binadamu. Zaidi ya watu 900 walipatikana na hatia ya wizi na makosa mengine ya aina hiyo. Baadhi walifungwa jela, wengine wakafilisika. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta mapengo hayo ya fedha, na mwaka 2024 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa jumla. Sisemi kwamba kichanganuzi cha bure kingaliwaokoa watu wale. Nasema kwamba programu ambayo hakuna awezaye kuonyesha ilijaribiwa wapi na haikujaribiwa wapi haistahili kuaminiwa kuliko kiapo cha mtu.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Swali la kwanza ambalo kijana anapaswa kuuliza si la bei, kwa kuwa bei anaijua, bali ni la uhuru. Waingereza wana shida hapa ambayo sisi hatuna. Neno lao moja hubeba maana ya bure na ya huru pamoja, na ndiyo sababu Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amelazimika kueleza mwaka baada ya mwaka kwamba yeye hazungumzii bei. Kiswahili kimetupa maneno tofauti. Tuna bure, tuna huru, na tuna huria, lile tulilolizoea katika soko huria na katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Programu huria ni ile ambayo una ruhusa ya kuisoma, kuibadilisha na kumpa jirani. Vifaa vingi vya kukagulia ni vya namna hiyo: gcov, ambacho huja pamoja na kompaila ya GCC, Cppcheck kwa lugha za C na C++, SpotBugs na JaCoCo kwa Java, Pylint na coverage.py kwa Python. Ukikipata leo, hakuna atakayekuja kesho kukunyang’anya nakala uliyo nayo.

Vipo vingine ambavyo ni vya bure tu. Kampuni ya Coverity ilianza mwaka 2006 kukagua bila malipo programu huria kadhaa, katika mradi uliogharamiwa na Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, lakini kichanganuzi chenyewe kilibaki mali yake. Kadhalika CodeQL ya GitHub hutumika bila malipo kwa programu huria zilizo wazi kwa umma, ilhali kampuni inayotaka kukagua programu zake za siri hutakiwa kulipa. Si vifaa vibaya hivi. Huenda katika kazi fulani vikawapita vyote nilivyovitaja. Ila mwenye mali aweza kubadili nia. Mwaka 2024 kampuni ya SonarSource, ambayo SonarQube yake imeenea katika ofisi nyingi duniani, ilibadilisha leseni ya baadhi ya vichanganuzi vyake, vikatoka katika uhuria na kuingia katika leseni yenye masharti. Kinyume chake pia kimewahi kutokea: Clover, kifaa cha kupima ueneo kilichokuwa kikiuzwa na Atlassian, kiliachiwa umma mwaka 2017 na sasa huitwa OpenClover. Upepo huvuma pande zote mbili. Anayeijenga ofisi yake juu ya kifaa fulani afadhali aisome leseni kabla ya kuyasoma matangazo.

Kuna na vile vya bure ambavyo bei yake hulipwa kwa njia nyingine. Hivi hukutaka upeleke kazi yako kwenye seva zao ndipo wakupe ripoti yenye rangi za kupendeza. Codecov, huduma ya kukusanya na kuonyesha ripoti za ueneo, iligundua Aprili 1, 2021 kwamba tangu mwishoni mwa Januari wadukuzi walikuwa wameichezea programu ndogo ambayo wateja huitumia kupakia ripoti zao, na kwa njia hiyo wakawa wakiiba nywila na funguo za siri. Kifaa kilicholetwa kuonyesha nyufa za nyumba kikawa chenyewe ndio ufa. Ukinipa mlinzi asiyelipwa, nitauliza kwanza anakula wapi. Kwa ofisi iliyo na kumbukumbu za wagonjwa au za wanafunzi, ambayo inabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, suala hili si la mapendeleo. Vifaa huria nilivyovitaja hapo juu hufanya kazi ndani ya tarakilishi yako mwenyewe, hata kama ni kuukuu, hata kama intaneti imekatika. Kwa mwanafunzi anunuaye data kwa shilingi za kuokoteza, hiyo ni sifa kubwa kuliko mapambo yote ya ripoti.

Baada ya uhuru kuna suala la kelele. Kichanganuzi hukisia. Hakina budi, maadamu hakiwezi kujua yote yatakayotokea programu itakapotumika. Kwa hivyo baadhi ya maonyo yake huwa ya uongo, na kifaa kitoacho maonyo 3,000 siku ya kwanza hakitasomwa na mtu siku ya pili. Wahandisi wa Facebook, ambao kichanganuzi chao Infer kiliachiwa umma mwaka 2015, walieleza mwaka 2019 kisa ambacho kila mwalimu atakielewa. Mwanzoni waliwapa waundaji programu orodha ya makosa yaliyopatikana katika programu nzima. Karibu hakuna lililorekebishwa. Kisha wakabadilisha jambo moja tu: onyo likawa linatolewa wakati ule ule mwandishi anapowasilisha badiliko lake kwa wenzake, mambo yangali moto kichwani mwake. Makosa yaliyorekebishwa yakapanda hadi zaidi ya asilimia 70. Kifaa kilikuwa kile kile. Basi mtu anaposema kwamba kichanganuzi fulani hakifai, na aulizwe kwanza alikiweka wapi katika siku yake ya kazi.

Na onyo likishatolewa, kuna kutosikia na kuna kusikia kupita kiasi. Februari 2014 Apple ilitangaza kurekebisha kasoro katika sehemu ya mfumo wake ihakikishayo usalama wa mawasiliano. Mstari mmoja, wenye agizo la kurukia mwisho, ulikuwa umeandikwa mara mbili, na ile nakala ya pili ikafanya ukaguzi uliofuata usifikiwe kamwe. Clang, kompaila huria ambayo Apple yenyewe imeshiriki kuikuza, ilikuwa na onyo kuhusu mistari isiyofikika. Ila onyo hilo halikuwa miongoni mwa yale yanayowashwa kwa kawaida. Ilikuwa sharti uliombe kwa jina.

Kisa cha Debian ni kinyume chake, nami hukiona kizito zaidi. Mwaka 2006 mmoja wa watunzaji wa mfumo huo huria aliona kwamba Valgrind, kifaa huria cha kuchunguza matumizi ya kumbukumbu ya tarakilishi, kilikuwa kikilalamikia mistari fulani katika OpenSSL, programu itumiwayo kutengenezea funguo za siri. Kilisema kwamba palitumiwa data ambayo haikuwa imepewa thamani. Kifaa kilisema kweli. Mistari ikaondolewa, malalamiko yakakoma. Kumbe ndani yake ulikuwamo mstari uliokuwa ukiingiza ile nasibu izifanyayo funguo zisibashirike. Kilichosalia ni nambari ya mchakato tu, ambayo haikuzidi 32,768. Kwa takriban miaka miwili, hadi Mei 2008, tarakilishi zilizotumia Debian, na Ubuntu iliyotokana nayo, zilitengeneza funguo ambazo mwizi mwenye subira angeweza kuzijaribu zote moja baada ya nyingine.

Kifaa kilijua sarufi, hakikujua maana. Mwanaisimu hashangai. Tangu Noam Chomsky alipoonyesha mwaka 1957 kwamba sentensi yaweza kuwa sahihi kisarufi na isiwe na maana yoyote, tumekuwa tukiwafundisha wanafunzi wetu kuzitenganisha ngazi hizo mbili. Waundaji wa SQLite, hifadhidata iliyomo karibu katika kila simu ya kisasa, wameandika waziwazi kwamba walipojitahidi kuyaondoa maonyo yote walijikuta wameingiza makosa mengi kuliko yale ambayo vichanganuzi viliwagundulia. Lakini hao hao hupima ueneo wa majaribio yao kwa gcov, kile kile cha bure, na hawatosheki na mistari, bali hutaka kila upande wa kila uamuzi uwe umepitiwa. Mistari yao ya majaribio huizidi programu yenyewe mara mamia. Wala si watu wa kudharau vifaa. Ni watu wanaojua kila kifaa kinaweza kuulizwa swali gani.

Hapa ndipo nifikapo kwenye jambo ambalo vijana wengi hulikosea, yaani jinsi ya kuisoma ile asilimia. Nitatumia mfano wa fani yangu, kwa kuwa ngeli za Kiswahili kila mtu anazijua hata kama hajui kwamba anazijua.

Tuseme mwanafunzi ameandika programu ya kugeuza nomino kutoka umoja hadi wingi. Ndani yake kuna agizo: neno likianza kwa ki-, ondoa ki- uweke vi-, kisha chapisha wingi. Anaijaribu kwa “kitabu”, anapata “vitabu”. Kifaa kinamwambia ueneo ni asilimia 100, na ni kweli, kila mstari umetekelezwa. Sasa ipe neno “meza”. Sharti halikutimia, wingi haukupewa thamani yoyote, na programu inaanguka. Ule mstari wa sharti ulipitiwa, lakini ni upande wake mmoja tu uliotembelewa. Ndiyo maana kifaa kihesabucho mistari pekee, kisiweze kuhesabu na matawi ya maamuzi, mimi hakinitoshi. JaCoCo huyahesabu, gcov na coverage.py pia, mradi uviombe. Na kosa hili la “meza” hata kichanganuzi kizuri kingeliona bila kuitekeleza programu.

Tuongeze ugumu. Mwanafunzi wetu amejifunza. Anatia kanuni ya m- kuwa wa-, na kanuni kwamba neno jingine lolote lisibadilike. Anajaribu “mtoto”, “mzee”, “mkulima”, “kitabu” na “nyumba”. Mistari asilimia 100, matawi asilimia 100, kichanganuzi kimenyamaza kimya. Msimamizi wake anapiga makofi. Kisha anakuja mtumiaji wa kwanza, anaandika “mti” na kujibiwa “wati”. Mkate unakuwa “wakate”. Mama wa watu anakuwa “waama”, ambalo angalau ni neno, ingawa si hilo lililotafutwa. Kiu, ambayo haina wingi, inageuka “viu”, na kima wa msituni anageuka “vima”. Hakuna kifaa cha kupima ueneo, kiwe cha bure au cha mamilioni, kitakacholigundua kosa hilo, kwa sababu hakuna mstari uliokosa kutekelezwa. Kinachokosekana ni mistari ambayo haikuandikwa kamwe. Ueneo hupima kilichopo. Kilichosahauliwa hauna macho ya kukiona. Ni mjuzi wa ngeli pekee awezaye kusema kwamba M-MI haikufikiriwa. Katika programu ya hospitali mtu huyo ni mfamasia, na katika ile ya mishahara ni mhasibu, na aghalabu hao hawaiti katika chumba yanakotungwa majaribio.

Msomaji asidhani ninatia chumvi kwa mfano wa darasani. Roketi ya Ariane 5 ya Ulaya iliporushwa kwa mara ya kwanza Juni 4, 1996, iliharibika kabla ya dakika moja kupita. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako mistari ile ile ilikuwa imetekelezwa angani safari baada ya safari bila tatizo. Ila Ariane 5 ilikwenda kasi zaidi, na nambari moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Mistari ilikuwa imejaribiwa sana. Safari mpya haikuwa imejaribiwa.

Kuna udanganyifu mwingine ulio mdogo na wa kila siku. Mtu aweza kuandika jaribio linaloiendesha programu yote kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuuliza kama jibu ni sahihi. Kifaa kitahesabu mistari yote kuwa imepitiwa na kumpa asilimia zake. Ni kama mwalimu anayesahihisha madaftari kwa kuhesabu kurasa zilizojaa wino. Dawa yake ipo, nayo ni ya bure vilevile: PIT kwa Java, mutmut kwa Python. Vifaa hivi huiharibu programu kwa makusudi, pale palipoandikwa vi- huweka takataka, kisha husikiliza kama kuna jaribio litakalopiga kelele. Lisipopatikana, umejua kwamba majaribio yako yalikuwa pambo. Kazi hii huchukua muda mrefu, kwa hivyo ningeitenga kwa sehemu nyeti za programu, zile zinazogusa fedha au dawa.

Kwa sababu hizo sioni busara ya meneja kutoa amri kwamba kila programu ifikie asilimia 90 la sivyo mtu hatalipwa. Sisi Wakenya tunajua yanayotokea nambari inapogeuzwa kuwa lengo. Tumezisikia shule zinazotuhumiwa kuwahamisha watahiniwa dhaifu ili wastani upande. Kijana akiamrishwa kufikia 90 ataandika majaribio ya mistari iliyo rahisi, na ile asilimia 10 atakayoiacha huenda ndiyo yenye hesabu ya makato ya mishahara. Mimi nikiletewa ripoti, asilimia huipita kwa haraka na kwenda kwenye orodha ya mistari isiyoguswa. Hapo ndipo penye habari. Asilimia 60 ambayo mwenyewe aweza kueleza kila pengo lake hunituliza kuliko 95 isiyoelezeka.

Vyuo vyetu vina nafasi ya kubadilisha mambo haya bila kungoja mfadhili. Hakuna sababu ya kusahihisha kazi ya mwanafunzi wa uundaji programu iliyoletwa bila majaribio, kama vile tusivyosahihisha tasnifu iliyoletwa bila data. Kwa programu ya mwaka wa kwanza, kujifunza kuendesha gcov au coverage.py hakuzidi mchana mmoja. Kilicho kigumu ni kumzoesha mwanafunzi kuisoma ripoti na kuitolea hoja mbele ya wenzake: kwa nini mstari huu haukuguswa, kwa nini onyo hili umelipuuza, nani alikuambia kwamba nomino zote zianzazo kwa m- ni watu. Hilo ni somo la kufikiri, na lingeweza kufundishwa na idara ya isimu kwa urahisi kama idara ya tarakilishi, ingawa najua wenzangu wa upande wa pili hawatapenda kulisikia.

Kisha kuna kaunti zetu 47 na mashirika ya umma ambayo hununua programu kwa fedha za mlipa kodi. Mkataba wa barabara hutaja unene wa lami, na mhandisi hutoboa barabara kupima. Mkataba wa programu nao na utake, pamoja na programu yenyewe, majaribio yaliyotumika, ripoti ya matawi yaliyopitiwa na yasiyopitiwa, na maelezo ya kila onyo lililoachwa bila kushughulikiwa. Najua muuzaji atasema kwamba msimbo wake ni siri ya kibiashara. Mimi ningependelea programu inunuliwayo kwa fedha za umma iwe huria moja kwa moja, lakini hata tukimkubalia siri yake, ripoti ya ueneo yaweza kutolewa ikiwa na majina ya faili na nambari za mistari tu, bila kufichua hata mstari mmoja. Na katika ile safu ya zabuni inayoandikwa bei ya vifaa vya kuitayarisha ripoti hiyo, afisa wa ununuzi asikubali kuona nambari yoyote zaidi ya sufuri.